Kibali cha Mlio Mmoja

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ukumbi, kati ya ratiba ya kwaya na karatasi ya mtu aliyepotelewa na paka, na katika kundi zima la maigizo ni mtu mmoja tu aliyelisoma hadi mwisho. Huyo alikuwa mtunza vifaa, mwanamke wa miaka hamsini na ushei ambaye wenzake walimwita Mama Sanduku. Chochote kilichohitajika jukwaani, iwe taji, mkongojo, simu ya kizamani au ndevu za bandia, kilitoka kwenye masanduku yake manne, na kilirudi humo humo kabla mwigizaji hajamaliza kufuta poda usoni.

Tangazo lilisema kwamba mtu yeyote mwenye bastola ya risasi baridi, yaani ile inayolipua baruti na kutoa mlio bila kutoa risasi, aipeleke kituo cha polisi kilicho karibu naye ndani ya siku thelathini ikakaguliwe. Atakayekaidi atachukuliwa hatua. Mama Sanduku alilirudia lile neno "hatua" mara mbili.

Bastola alikuwa nayo. Ilikaa kwenye sanduku la tatu, ndani ya kopo la biskuti, chini ya masharubu ya wafalme. Aliirithi kutoka kwa mtunza vifaa aliyemtangulia, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiifuta vumbi, akiitia tone la mafuta ya cherehani na kuirudisha, bila kuwaza juu yake zaidi ya anavyowaza juu ya mwiko. Naye alikuwa mtu ambaye hajawahi kuruka foleni maishani. Vitabu vya maktaba alivirudisha siku moja kabla ya tarehe, asije akaugua ghafla usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Mambo yalimbana zaidi kwa sababu wiki mbili mbele kulikuwa na onyesho. Mwongozaji wa kundi alikuwa ameandika mchezo wake mwenyewe, habari ya ndugu wawili wanaogombania nyumba ya mama yao, na mama mwenyewe ni mgonjwa, amelala chumba cha ndani, haonekani mwanzo hadi mwisho. Katika dakika ya mwisho kaka mtu anamlenga mdogo wake, unalia mlio mmoja, mdogo mtu anaanguka, pazia linafungwa. Mwongozaji aliupenda mwisho huo kama mtu anavyompenda kitinda mimba wake. Alisema watazamaji watatoka nje hawana neno.

Mama Sanduku alipowaeleza wenzake habari ya tangazo, kila mtu alikuwa na lake. Mwongozaji alisema sheria inahusu silaha, na hiki ni kidude cha kupiga kelele. Kama kelele ni silaha, basi waanze kumkamata Radi. Radi alikuwa mwigizaji mkuu, aliyecheza kaka mtu, na jina hilo alipewa kwa sababu ya koo lake. Radi yeye alishauri bastola itupwe chooni na watu wafunge midomo. Aliyecheza mdogo mtu, kijana mwembamba aliyeitwa Njiti, aliuliza kama miaka yote hiyo walikuwa wahalifu bila kujijua. Kisha akatafuta kiti akakaa.

Jioni Mama Sanduku alimsimulia mumewe, fundi saa, ambaye karakana yake ilikuwa sebuleni kwao na ambaye alimsikiliza huku lenzi ipo jichoni na saa ya mtu imefumuliwa mbele yake.

"Na hicho kitu kiko wapi saa hizi?" akauliza.

"Nimekiweka chini ya meza yako."

Fundi saa akainua miguu yote miwili taratibu, akaendelea kufanya kazi ameikunja kitini. Alisema yeye hajui sheria, lakini anamjua mke wake, na mke wake hatapata usingizi mpaka kopo hilo limefika polisi. Heri lifike kesho.

Kesho yake akapiga simu kituoni kuuliza ataibebaje. Sauti ya upande wa pili ikamwambia asiibebe waziwazi, atawatisha watu. Akauliza, je, akiificha? Sauti ikasema asiifiche, kuficha silaha ni kosa. Mama Sanduku akakata simu. Halafu akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: NDANI YA KOPO HILI MNA BASTOLA YA RISASI BARIDI. INAPELEKWA POLISI. Akaibandika juu ya kopo, kopo akalitia kikapuni, kikapu akakitundika mkononi, akaondoka kwa miguu. Njia nzima watu walimpisha. Kwenye kivuko cha barabara lori lilisimama kabla hata hajakanyaga lami.

Kituoni, askari wa kaunta alimuuliza shida yake bila kuinua kichwa.

"Nimeleta bastola," akasema, kwa sauti ya mtu anayerudisha chupa za maziwa.

Kalamu ikasimama. Benchi la nyuma yake likabaki tupu. Mwanamume mmoja aliyekuja kuripoti kuibiwa baiskeli alikumbuka ghafla kwamba huenda aliiacha kwa shemeji. Askari akainua mikono juu, kisha akakumbuka kwamba polisi ni yeye, akaishusha.

Ndipo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka inspekta. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye miwani minene na sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Kwapani alikumbatia kitabu cha sheria chenye vikaratasi vya rangi vilivyochomoza pande zote. Alisogea hadi kwenye kikapu, akainama, akaisoma ile karatasi yote, hata nukta. Halafu akasema kwamba katika miaka ishirini na mitatu ya kazi ni mara yake ya kwanza kumwona raia ametimiza kifungu cha tisa, cha kusafirisha silaha, bila kuambiwa. Mama Sanduku alipowasimulia wenzake baadaye, jina likamganda palepale: Inspekta Kifungu.

Ofisini kwake inspekta alifungua kopo, akachomoa sharubu moja lililonasa kwenye bastola, akalishika kwa vidole viwili na kuuliza kama ni sehemu ya silaha.

"Hilo la mfalme," akasema Mama Sanduku, akalipokea na kulitia mfukoni.

Inspekta akaingiza waya kwenye mtutu, ukagota karibu kabisa na mdomo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtutu umezibwa kwa chuma tangu kiwandani, akaeleza, na mtu akijaribu kuutoboa utapasuka. Hapo ndipo roho ya sheria yote ilipo. Kumiliki kitu hiki si kosa. Sheria inaogopa mambo mawili tu. La kwanza, fundi mwenye nia mbaya asije akakitoboa kikawa bastola kamili. La pili, asije mtu akamwelekezea mwenzake asiyejua.

"Anayetazamana na mtutu hana nafasi ya kuuliza kama risasi ni baridi au ni ya moto," akasema. "Anakufa kwa hofu, au anakimbilia barabarani anagongwa na gari, au na yeye anatoa yake. Na yake huenda si baridi."

Hilo Mama Sanduku hakuwa amelifikiria. Akaitazama bastola yake kwa jicho jipya, kama mtu aliyegundua kwamba paka wake anauma.

Inspekta akaendelea na masharti, kila moja akilifungulia ukurasa wake. Bastola ipakwe rangi kali, isifanane na ya kweli hata kwa mbali. Ikae kwenye sanduku lenye kufuli. Isilipuliwe mbele ya uso wa mtu, kwa maana baruti inatoa moto hata kama haitoi risasi. Majirani wa mahali itakapolia waarifiwe kwa maandishi. Na anayeilipua awe na kibali chenye jina lake, ambacho hutolewa baada ya wiki sita.

"Sisi onyesho letu ni baada ya wiki mbili," akasema Mama Sanduku.

Inspekta akafunua kurasa, akarudi nyuma, akaenda mbele. Kilikuwapo kifungu. Asiye na kibali anaruhusiwa kutumia mlio wa bastola ya risasi baridi katika burudani, mradi atakayeilipua ni afisa aliyeidhinishwa.

"Na afisa aliyeidhinishwa ni nani?"

Inspekta akatazama kushoto, akatazama kulia, kana kwamba anamtafuta mtu mwingine mle chumbani.

"Ni mimi," akasema.

Rangi iliyokuwapo nyumbani ni ile iliyobaki walipopaka mlango wa jikoni, rangi ya chungwa lililoiva. Fundi saa ndiye aliyeifanya kazi hiyo, kwa brashi ndogo ya kusafishia magurudumu ya saa, mikono yake ikiwa mbali na mwili kadiri ilivyowezekana. Alipomaliza, bastola ilionekana kama karoti yenye mpini.

Siku ya mazoezi Radi alisimama katikati ya jukwaa, akaunguruma maneno yake ya mwisho kwa uchungu uliowasimamisha watu nywele, akachomoa ile karoti. Njiti alijitahidi. Aliuma midomo, akatazama dari, akajifinya paja, kisha akaangua kicheko, na ukumbi mzima ukafuata. Waliokaa wakajilaza viti viwili viwili. Radi akaondoka jukwaani akisema yeye hajasomea uigizaji ili amuue mtu kwa mboga.

Mama Sanduku ndiye aliyepata njia. Radi atashika bastola ya mbao, nyeusi, aliyoichonga seremala zamani, na mlio utoke nyuma ya pazia, ambako inspekta atakaa na ile ya rangi ya chungwa na kuilipua kuelekea kwenye ndoo ya mchanga. Inspekta akakubali, ila akatoa onyo: bastola ya mbao isitoke nje ya ukumbi kamwe, kwa sababu inafanana na ya kweli.

"Subiri," akasema mwongozaji. "Hii ya mbao, isiyoweza hata kukohoa, hairuhusiwi kutoka nje. Na ile inayolia bumu inaruhusiwa?"

"Ikiwa ndani ya sanduku lenye kufuli, ndiyo."

"Kwa hiyo ya hatari ni ile isiyolia?"

"Kwa macho, ndiyo. Kwa masikio, ile nyingine." Inspekta akafikiri. "Kwa ujumla zote mbili ni za hatari, lakini kwa vifungu tofauti."

Mwongozaji akaenda kunywa maji.

Kuanzia hapo inspekta hakukosa mazoezi hata siku moja. Alifika saa kumi kamili, sanduku la kufuli lenye bastola mkononi, akamsainisha Mama Sanduku kwamba bastola imeingia, na mwisho akamsainisha tena kwamba imetoka. Majirani wa ukumbi aliwaandikia barua na kuwapelekea yeye mwenyewe nyumba kwa nyumba. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alishukuru sana, akaibandika barua yake ukutani, na kila ikikaribia saa ya mlio aliondoa wembe kwenye shingo ya mteja na kusubiri.

Tatizo ni kwamba inspekta, akiwa nyuma ya pazia, alikuwa anausikiliza mchezo, na mchezo ulimkera. Hakuweza kuvumilia habari ya wosia ambao ndugu hao waliutumia kudai nyumba. Siku ya tatu alimfuata mwongozaji, akamweleza kwa adabu kwamba wosia ule haufai kitu, una shahidi mmoja tu, na isitoshe mwenye mali bado yu hai, amelala chumba cha ndani, anakohoa. Ndugu hawa wanagombania nini? Angekuwa yeye, angewaita wote wawili kituoni, wangeyamaliza kwa nusu saa. Mwongozaji alimjibu kwamba katika sanaa kuna ukweli mkubwa kuliko wa kituoni. Inspekta alisema hilo hajalikuta kwenye kifungu chochote, lakini atatazama.

Mama Sanduku alikuwa kati yao kama nyama kwenye mkate. Mwongozaji alimwambia amnyamazishe polisi wake. Polisi naye alimwambia amshauri mwongozaji wake. Lakini kukaa na inspekta hakukumchosha. Kazi yao ilikuwa moja: yeye alifuatisha maneno kwenye muswada kwa tochi, likifika neno la mwisho la Radi anamgusa inspekta begani, na inspekta analipua. Zaidi ya hapo yeye mwenyewe ndiye aliyekohoa badala ya mama mgonjwa, mara tano katika mchezo mzima, kila kikohozi kikizidi kidogo. Katikati ya vikohozi wakanong'onezana mambo. Alimsimulia jinsi fundi saa alivyomposa kwa kumwambia arudishe saa ileile kila wiki, akidai haijapona sawasawa. Inspekta naye akamwambia kwamba katika miaka yote ishirini na mitatu hajawahi kufyatua silaha mahali popote ila kwenye uwanja wa shabaha. Alijivunia hilo. Akamwambia pia, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba hii ni mara yake ya kwanza kuona mchezo wa kuigiza, na kwamba anauona kwa nyuma.

"Kwa mbele ukoje?" akauliza.

"Kwa mbele watu hawana mishono mgongoni," akajibu Mama Sanduku.

Jumamosi ya onyesho ikafika. Saa tisa alasiri ukumbi ulijaa hadi ngazini. Mkuu wa kituo alikuja na mkewe, wakakaa safu ya tatu. Fundi saa alikaa pembeni, amevaa saa mbili mkononi. Inspekta alivaa sare kamili, kwa sababu kisheria alikuwa kazini, na Mama Sanduku alipoona jasho jembamba linamtoka kwenye paji la uso alimpa leso iliyokuwa ya malkia.

Mchezo ulikwenda vizuri mno. Mama mgonjwa alikohoa, watu wakahuzunika. Ndugu wakatukanana, watu wakaguna. Mwisho Radi akachomoa bastola ya mbao, nyeusi, akamwelekezea Njiti kifuani, na ukumbi ukawa kimya kama maji mtungini. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele alisema "Usifanye hivyo, mwanangu," si kwa nguvu. Radi akatamka neno la mwisho. Mama Sanduku akamgusa inspekta begani.

Inspekta aliinua bastola. Na hapo, badala ya kidole, ulifanya kazi mdomo.

"Polisi," ikasikika sauti nyuma ya pazia, kali, rasmi, ya kumwamsha mtu usingizini. "Weka silaha chini."

Baadaye alieleza kwamba hakukusudia. Mafunzo yanasema afisa hafyatui kabla ya kutoa onyo, na mazoezini hakukuwa na shida kwa kuwa hakukuwa na watu. Lakini alipousikia ukumbi mzima unashikilia pumzi, mwili wake ukaamini. Onyo likatoka lenyewe.

Radi alikuwa na miaka ishirini jukwaani, na katika miaka hiyo hakuna pazia lililowahi kumwamrisha kitu. Mikono yake ikatii kabla ya akili. Akainama, akaiweka bastola sakafuni, akaiinua mikono juu. Katika safu za nyuma watu kama wanne nao wakainua yao.

Na baada ya onyo, kidole cha inspekta, ambacho kilikuwa kimeshaanza safari, kikafika.

Mlio ukapasua ukumbi. Njiti, ambaye kwa wiki mbili nzima alifundishwa kwamba mlio ukilia yeye anaanguka, akaanguka.

Watazamaji wakapigwa na butwaa. Walichokiona ni hiki: muuaji amesalimu amri, mikono iko juu, na polisi asiyeonekana amemuua yule asiye na hatia. Minong'ono ikaanza kupanda kama maji kwenye sufuria. Nyuma ya pazia inspekta aligeuka rangi. Rekodi ya miaka ishirini na mitatu, mkuu wake wa kazi safu ya tatu, na maiti jukwaani. Kabla Mama Sanduku hajamshika shati, alikwisha kutokeza mbele ya watu, kofia kichwani, bastola ya rangi ya chungwa mkononi.

"Ndugu wananchi, tulieni," akasema. "Hakuna aliyeumia. Hii ni risasi baridi."

Wananchi hawakutulia. Wengine walianza kucheka, wengine kukasirika, na Radi, mikono bado juu, alikuwa anamtazama mwongozaji aliyesimama pembeni, amejifunika uso kwa muswada.

Mama Sanduku hakuwahi kukanyaga jukwaa mbele ya watu maishani mwake. Alipanga viti gizani, alikohoa gizani, na aliridhika hivyo. Lakini alimwona yule mtu mfupi, nadhifu, amesimama peke yake chini ya taa na miwani inamteleza puani, na akajua kwamba ni yeye aliyemleta hapo, kwa kikapu chake. Akapiga moyo konde. Akajifunga shuka ya kitanda iliyokuwa karibu, akakohoa kikohozi cha sita, ambacho hakikuwa kwenye muswada, akatoka kwa mlango wa chumba cha ndani.

"Kelele gani hizi?" akasema. "Mtu haumwi kwa amani kwenye nyumba hii?"

Vichwa vyote vikamgeukia. Watu walikuwa wamemsikia mama huyo akikohoa saa nzima, na sasa ndiye huyu, hai, kwa miguu yake.

"Nimewasikia. Mnagawana nyumba yangu. Nani amewaambia nimekufa?" Akamsogelea Njiti, akamgusa kwa ncha ya kidole cha mguu. "Na wewe, amka. Umelalia zulia langu."

Njiti akafungua jicho moja, akamtazama Radi, akamtazama mama, akaona heri kutii. Akaketi. Radi akashusha mikono, akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, "Mama, tulidhani unaondoka."

"Niende wapi?"

Kisha akamgeukia polisi. Inspekta alikuwa bado amekakamaa. Alipotazamwa na mama wa nyumba, akafanya jambo pekee alilofundishwa kabla ya sheria zote. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mwenye busara hapa. Waambie hawa nyumba ni ya nani."

Na hapo uso wa inspekta ukafunguka. Swali hilo alikuwa amelingojea tangu mazoezi ya siku ya tatu. Akawageukia ndugu wawili, akawaeleza, wazi na bila kigugumizi, kwamba wosia wenye shahidi mmoja ni karatasi ya kufungia vitumbua, na kwamba maadamu mama yu hai, nyumba ni yake, kitanda ni chake, na kikohozi ni chake. Wakimsumbua tena, atawaita kituoni wote wawili, asubuhi, kabla hawajanywa chai. Ukumbi ulilipuka kwa makofi na vicheko kuliko bastola. Mvuta pazia, kwa kutojua afanye nini tena, akalifunga.

Mwongozaji alikwenda nyuma ya ukumbi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwisho wake mzuri, ule wa kuwatoa watu nje hawana neno, umekwenda na maji. Watu walikuwa wanatoka wana maneno mpaka yanamwagika. Lakini walipompita walimshika mkono mmoja mmoja, na yule mwanamke wa safu ya mbele alimshukuru huku machozi yanamtoka kwa kumwokoa yule mtoto. Jumamosi iliyofuata watu walizidi viti. Mwongozaji akaanza kusema kwamba siku zote alihisi mwisho ule wa kwanza ulikuwa unakosa hewa, na akaandika upya kurasa tatu, pamoja na neno la polisi, pamoja na shikamoo.

Inspekta yeye aliandika taarifa ya kurasa nne dhidi yake mwenyewe, akaipeleka kwa mkuu wa kituo Jumatatu asubuhi. Mkuu alisoma ukurasa wa kwanza.

"Nani alijeruhiwa?"

"Hakuna, afande."

"Nani alitishika?"

"Watu kama mia mbili."

"Walilalamika?"

"Walipiga makofi, afande. Na wewe pia."

Mkuu akaandika chini ya taarifa neno moja, "Imesomwa," akaifunga kwenye faili, kisha akauliza kama Jumamosi hii anaweza kupata viti viwili vya mbele, kwa sababu mkewe hakuona vizuri sura ya yule mama.

Wiki sita zilipotimia, Mama Sanduku aliitwa kituoni kwa mahojiano ya kibali. Hakuhitaji kufungua mlango wa inspekta. Mlango ulikuwa wazi na kiti kimefutwa vumbi. Inspekta akamuuliza maswali yote kwa utaratibu, kana kwamba hawajawahi kuonana: umri wake, kufuli la sanduku ni la aina gani, funguo ziko ngapi, mumewe anaridhia. Alisema mumewe anaridhia, ila bado anakunja miguu. Inspekta aliandika hilo pia.

Wakafika kwenye swali la mwisho la fomu, lililouliza bastola itatumika kwa sababu gani, na mara ngapi. Inspekta akamsukumia kalamu, kwa kuwa sehemu hiyo mwombaji hujaza kwa mkono wake. Mama Sanduku akafikiri, akaandika: "Kumkosa mtu mmoja, kila Jumamosi, saa kumi na nusu alasiri."

Inspekta akaisoma kwa makini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena. Mhuri aliuinua, lakini hakuupiga. Kwanza alitaka kujua kama "kila Jumamosi" inajumuisha na sikukuu.